Protini 'zinazotabiri' saratani ya kinywa: Zinatabiri nini hasa?

Kila mara habari za utafiti wa saratani zinapoandikwa kwa Kiswahili, kitenzi kinachokimbiliwa kwanza ni 'kutabiri'. Protini fulani, tunaambiwa, 'inatabiri' iwapo mgonjwa wa saratani ya kinywa atapona au la. Kitenzi chenyewe hakina dhambi. Tatizo ni kwamba kinabebeshwa mizigo miwili mizito kwa wakati mmoja, na anayelemewa si mwandishi bali mgonjwa.

Hebu tuanze na maneno. 'Tabiri' tumelitoa katika Kiarabu, ambako asili yake inahusiana na kufasiri ndoto: mtu ameota, mjuzi anamweleza maana yake. 'Bashiri' nalo ni jamaa ya 'bishara', habari ya heri, ingawa siku hizi hapa Kenya ukilitamka watu wanawaza kamari ya kandanda. Tunalo pia neno letu la Kibantu, 'agua', ambalo lina maana mbili zilizoshikana: kufichua yaliyofichika na kutibu. Mwaguzi alitazamiwa afanye yote mawili. Hospitali ya leo imezitenganisha kazi hizo, na mtu asiyeuona mpaka baina yake atasoma ripoti ya maabara kombo.

Nilitambua uzito wa jambo hili mwezi uliopita, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, aliponijia ofisini na karatasi mbili. Baba yake alikuwa amekatwa kipande cha nyama kwenye ulimi ili kipimwe, na majibu yalikuwa yamerudi.

"Mwalimu, pole kwa kukusumbua," aliniambia. "Daktari alitueleza, lakini kwa Kizungu cha haraka haraka. Hapa wameandika Ki-67 ni asilimia arobaini. Ni kusema mzee amebakisha asilimia arobaini?"

Kabla sijajibu akageuza ukurasa. "Na hii p16 wamesema hasi. Hasi si ni hana? Si hiyo angalau ni habari njema?"

Mimi ni mtu wa isimu, si wa tiba. Nilimpigia simu mwenzangu anayefundisha patholojia, naye akatueleza kwa subira, kisha tukaandika maswali ya kumpelekea daktari anayemtibu mzee. Hata hivyo, maswali yale mawili ya binti yule yanastahili kujibiwa hadharani, kwa kuwa si yeye peke yake anayeyauliza.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Saratani ya kinywa ni ile inayoanzia ulimini, kwenye fizi, ndani ya mashavu, chini ya ulimi, kwenye kaakaa gumu au midomoni. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi huanzia katika seli bapa zinazotanda juu ya ngozi laini ya kinywa, seli zilizopangana kama magamba ya samaki. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, watu takriban 377,700 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo na kinywa mwaka huo, na takriban 177,700 wakafa kutokana nayo. Sigara na pombe ndizo zinazotajwa sana. Wasomaji wangu wa Pwani watakumbuka pia tambuu: popoo, chokaa na jani, aghalabu na tumbaku ndani yake. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake mjini Lyon, lilieleza kwamba tambuu husababisha saratani hata isipotiwa tumbaku. Hilo huwashangaza wengi wanaodhani mkosaji ni tumbaku pekee.

Sasa, kile kipande cha nyama kikifika maabara hukatwa vipande vyembamba mno, vikapachikwa kwenye kioo. Ili kujua kama protini fulani imo, mafundi hutumia kingamwili iliyotengenezwa ili iikamate protini hiyo tu. Kingamwili hiyo huunganishwa na kemikali inayoacha rangi ya kahawia pale iliponasa. Seli zingine hupakwa rangi ya samawati, ambayo kwa desturi hutolewa katika gogo la mti wa Amerika ya Kati. Mwanapatholojia akichungulia kwenye hadubini huona bahari ya samawati yenye madoa ya kahawia. Anahesabu. Katika seli mia, ngapi ni za kahawia?

Basi asilimia 40 ya binti yule ndiyo hiyo. Ni kwamba katika kila seli 100 za uvimbe zilizohesabiwa, 40 zilikuwa na protini iitwayo Ki-67. Haihusiani na miaka, wala haihusiani na nafasi ya kupona. Lakini mwone msomaji wa kawaida: anajua asilimia za mtihani, anajua asilimia za riba, na daktari amemwambia kipimo hiki 'kinatabiri' hali ya mgonjwa. Utamlaumu vipi akiunganisha mambo hayo mawili?

Jina lenyewe la Ki-67 ni kisa kizuri. Wengi hudhani ni fomula ya kemia. Kumbe 'Ki' ni herufi mbili za kwanza za Kiel, mji wa kaskazini mwa Ujerumani ambako Johannes Gerdes na wenzake waliitengeneza kingamwili hiyo, wakaitangaza mwaka 1983. Nayo 67 ni nambari ya kishimo kilichoizaa, katika sahani ya maabara yenye vishimo 96. Ingekuwa imetoka kishimo jirani tungekuwa tunazungumzia Ki-68. Protini inayonaswa huonekana katika seli iliyo katika shughuli ya kujigawa, na hutoweka katika seli iliyopumzika. Kwa hivyo Ki-67 ni kama kuhesabu madirisha yenye taa usiku: unajua nyumba ngapi ziko macho, lakini hujui wenyewe wanapanga nini. Uvimbe wenye seli nyingi zilizo macho unakua kwa kasi. Kama kasi hiyo peke yake inamwambia daktari nani atafariki mapema, tafiti za saratani ya kinywa hazijakubaliana.

Protini ya pili inayotajwa sana ni p53, na hii imewahi kuwapotosha hata mabingwa. Iligunduliwa mwaka 1979, ikapewa jina kwa uzito wake: kilodaltoni 53. Uzito huo ulitokana na mwendo wake katika jeli ya maabara, na protini hii hutembea polepole kuliko inavyostahili. Uzito wake halisi ni karibu 44, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka. Kwa takriban miaka 10 ilidhaniwa kuwa mchochezi wa saratani, kwa sababu ilionekana tele ndani ya vivimbe. Mwaka 1989 ikabainika mambo ni kinyume: p53 iliyo timamu huzuia saratani, na ile iliyokuwa ikionekana tele ilikuwa imeharibika. Mwaka 1992 David Lane aliiita mlinzi wa jenomu.

Sasa ona ugumu wake kwa anayesoma ripoti. Katika seli yenye afya mlinzi huyu hutengenezwa na kuvunjwa haraka, kwa hivyo haonekani sana. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi hutokea mlinzi mbovu asiyevunjika, akarundikana, na kioo kikajaa kahawia. Wakati mwingine uharibifu huifuta protini yote, kioo kikabaki samawati tupu. Kujaa sana ni dalili mbaya, na kukosekana kabisa ni dalili mbaya vilevile. Hapo maneno 'chanya' na 'hasi' yanatuacha mataani.

Na hapo ndipo swali la pili la binti yule linapoingia. Wakenya wa rika langu tulijifunza 'chanya' na 'hasi' kutokana na kampeni za Ukimwi. Chanya ni kuwa na virusi, hasi ni kutokuwa navyo. Tukahitimisha, bila mtu kutufundisha, kwamba hasi ni heri. Katika viashiria vya saratani kanuni hiyo haifanyi kazi. Mgonjwa mwenye saratani ya koromeo ambaye p16 yake ni chanya kwa kawaida ana matumaini makubwa zaidi kuliko mwenye hasi, kwa sababu chanya hiyo ni ishara kwamba uvimbe ulisababishwa na virusi vya papiloma, na vivimbe vya aina hiyo husikia dawa na mionzi vizuri. Ili ripoti iandike chanya, angalau asilimia 70 ya seli za uvimbe zinafaa kuwa zimeshika rangi sawasawa.

Lakini nimesema koromeo. Ulimi wa mzee yule ni habari nyingine, na hapa Kiswahili chetu cha mitaani kinahitaji kunyooshwa. Tunaposema 'kansa ya mdomo' au 'kansa ya koo' tunachanganya makazi ambayo kwa daktari ni mbali kama Lamu na Lodwar. Sehemu ya ulimi unayoweza kuitoa nje ni ya kinywa. Shina la ulimi, kule nyuma usikoliona, pamoja na mafindo, ni la koromeo. Kipimo cha p16 kina nguvu kule nyuma. Mbele, katika kinywa, ni sehemu ndogo tu ya saratani inayotokana na virusi hivyo, na wataalamu wa patholojia hawashauri kipimo hicho kifanywe kwa kila mgonjwa. Kwa hivyo 'p16 hasi' ya ulimini haikuwa njema wala mbaya. Ilikuwa karibu kimya.

Nimekaa sana kwenye majina. Tufike kwenye shingo, maana hapo ndipo protini hizi zingeweza kubadilisha maisha ya mtu kesho asubuhi.

Saratani ya kinywa ikitoroka, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni tezi za limfu za shingoni. Chukua mgonjwa aliyewahi hospitalini na uvimbe mdogo. Shingo yake inapapaswa, inapigwa picha, haionekani kitu. Je, daktari amtoe zile tezi papo hapo, au amwondolee uvimbe wa ulimini tu, kisha asubiri? Kuzitoa kuna gharama: bega linaweza kulegea, ngozi ya shingo na sikio ikafa ganzi. Kusubiri kuna hatari yake. Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai walilifanyia jaribio swali hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika kundi lililotolewa tezi mapema waliokuwa hai walikuwa asilimia 80, na katika kundi lililosubiri, asilimia 67.5. Tofauti hiyo ni kubwa. Si ajabu India ndiko swali hilo lilikojibiwa, kwa kuwa tambuu na tumbaku ya kutafuna vimeifanya saratani hii kuwa ya kila siku huko.

Hata hivyo, tazama upande wa pili. Wengi wa wale waliotolewa tezi mapema hazikupatikana na saratani yoyote ndani. Walipasuliwa shingo ili kuwaokoa wenzao wachache ambao hakuna aliyewajua kabla ya kisu. Laiti kungekuwa na protini moja katika kile kipande cha kwanza cha ulimi ambayo ingesema: huyu uvimbe wake umeshaanza safari, yule bado! Hiyo ndiyo protini inayosakwa.

Mojawapo ya zinazosakwa ni E-kadherini. Jina lake limeundwa na kalisi na kushikamana, kwani protini hizi huzishikanisha seli jirani pale palipo na kalisi. Masatoshi Takeichi wa Kyoto ndiye aliyezifafanua. Ni kama saruji kati ya matofali. Seli za saratani zinapoipoteza saruji hiyo huweza kubanduka na kwenda zake. Tafiti nyingi zimeona kwamba vivimbe vya kinywa vyenye E-kadherini haba huelekea kuwa na tezi zilizoathirika. 'Huelekea' ni neno ninalolichagua makusudi. Hakuna daktari anayeweza kumwambia mgonjwa leo, kwa kuitazama protini hii peke yake, 'nenda nyumbani, shingo yako iko salama.'

Narudi kwenye kuagua na zile kazi mbili. Katika uwanja huu kuna viashiria vinavyoeleza ugonjwa utakwendaje, tiba iwe yoyote. Kuna vingine vinavyoeleza kama dawa fulani itamfaa mgonjwa huyu. Kiswahili cha magazeti huita vyote 'viashiria vya kutabiri'. Mimi napendekeza tuwe na majina mawili: 'kiashiria cha mwenendo' kwa cha kwanza, na 'kiashiria cha tiba' kwa cha pili. Wenye istilahi bora na wazilete; safu hii iko wazi.

Ati tofauti hiyo ni ya wasomi tu? Nitatoa mfano. Seli nyingi za saratani za kichwa na shingo zina protini nyingi ya kupokea ishara za kukua, inayojulikana kwa herufi EGFR. Tafiti kadhaa zimeihusisha wingi wake na mwenendo mbaya wa ugonjwa. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha dawa ya cetuximab, inayoizuia protini hiyohiyo, kwa saratani hizi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angetarajia kwamba mwenye protini nyingi zaidi ndiye atakayefaidi dawa zaidi. Haikuwa hivyo. Kuhesabu EGFR kwenye kioo hakukusaidia kuchagua nani apewe dawa, na madaktari hawaipimi kwa ajili hiyo. Protini ileile inaweza kueleza mwenendo na isieleze tiba.

PD-L1 inaonyesha upande wa pili wa mambo. Seli ya saratani huivaa protini hii kama kitambulisho bandia, askari wa mwili akifika akaambiwa 'pita, hapa hakuna neno.' Tasuku Honjo, aliyegundua kipokezi kinachosomea kitambulisho hicho, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison. Mwezi Juni 2019 Marekani iliidhinisha pembrolizumab kuwa dawa ya kwanza kwa wagonjwa ambao saratani yao ya kichwa na shingo imerudi au kusambaa. Ikitolewa peke yake, sharti alama za PD-L1 ziwe 1 au zaidi. Alama hizo si asilimia: unahesabu seli zote zilizoshika rangi, za uvimbe na za kinga, unagawanya kwa seli za uvimbe zilizo hai, unazidisha kwa 100. Hapa kuwa chanya kunafungua mlango wa dawa. Bei ya dawa yenyewe ni mjadala mwingine, na wagonjwa wetu wanaujua kuliko mimi.

Mbona basi, katika makala chungu nzima zinazotaja protini mpya ya kutabiri saratani ya kinywa, ni chache hivi zinazofika wodini? Sababu moja ni ya kihesabu na haihitaji digrii kuielewa. Mtafiti mmoja anahesabu kuwa 'nyingi' ikiwa rangi imefika asilimia 10 ya seli. Mwingine anaanzia 25. Wa tatu anasubiri aone matokeo ndipo achague mpaka unaompa jibu zuri. Mmoja anachanganya ndimi na mafindo, mwingine ana wagonjwa 40 tu. Matokeo yasiyovutia hubaki kwenye droo. Mwaka 2005 wataalamu walitoa mwongozo uitwao REMARK, unaowataka watafiti waeleze wazi walivyochagua wagonjwa, walivyopima na walivyouweka mpaka. Kwa maoni yangu, mhariri yeyote wa habari za afya angefaa kuuliza maswali hayo kabla ya kuruhusu kitenzi 'kutabiri' kipande kwenye kichwa cha habari.

Wakati huo huo, kinachomwongoza daktari wa upasuaji ni vitu vya kale zaidi: ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi, na kama kingo za sehemu iliyokatwa ni safi. Toleo la nane la mfumo wa kupanga hatua za saratani, lililoanza kutumika Marekani Januari 2018, liliongeza jambo moja kwa kinywa, nalo si protini. Ni kina: uvimbe umezama milimita ngapi chini ya ngozi laini. Usiozidi sentimita 2 kwa upana na milimita 5 kwa kina unahesabiwa kuwa mdogo kabisa. Ukipita milimita 10 kwenda chini hupandishwa daraja, hata ukiwa mwembamba ukiutazama kwa juu. Katika ripoti ya mzee yule, kipimo hicho kilikuwa kimeandikwa kwenye mstari mmoja mfupi juu ya ile Ki-67, bila asilimia wala chanya wala hasi, na hakuna aliyekuwa amekiulizia.